Embu na Meru: Elimu ya Tiba Chini ya Mlima Kenya

Kwetu sisi watu wa Pwani, majina ya Embu na Meru huandamana na jani. Meru hutuletea miraa, Embu hutuletea muguka, na wazazi wengi hawana habari nyingine ya nchi hizo. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa marufuku. Hasira ya wazazi wakati ule ilikuwa ya haki. Hata hivyo, milima hiyo hiyo ina kitu kingine cha kutupa, nacho ni elimu ya afya, sayansi ya viumbe na teknolojia. Kila mwaka vijana wetu hupangiwa vyuo vya huko, na barua ya nafasi ya binti huingia nyumbani na furaha na hofu kwa pamoja. Yafaa basi tuijue nchi yenyewe.

Kutoka Nairobi, barabara hupita Thika na kuteremka hadi Mwea, penye mashamba ya mpunga yaliyotandazwa maji pande zote. Huko ndiko utokako mchele wa pishori, ule unaonukia katika pilau za harusi zetu. Baada ya Mwea ardhi huanza kupanda, hewa ikapoa, na mji wa Embu ukatokea juu ya miteremko ya Mlima Kenya. Kutoka Embu njia huelekea kaskazini kupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu. Ni njia ya vilima na mabonde, kahawa na migomba kandokando, majani ya chai kwenye miinuko, na mito inayoteremka kutoka mlimani. Kati ya Nkubu na mji wa Meru msafiri huvuka mstari wa ikweta, na pengine huuvuka akiwa amejifunika shuka kwa baridi.

Katika njia hiyo lipo daraja la mto Nithi, linalofikiwa kwa mteremko mkali. Julai 2022 basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia hapo, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wazazi na wachukue somo: mwanafunzi asafiri mchana, na safari ya kwanza asindikizwe na baba au kaka.

Vyuo vyenyewe si vya jana, ingawa hadhi yao ni changa. Chuo Kikuu cha Embu kimesimama mahali palipokuwa na chuo cha kufundishia maofisa wa kilimo. Mwaka 2011 kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2016 kikapewa hati ya kujitegemea. Kilimo na sayansi ya viumbe vingali na nafasi kubwa, na uuguzi nao hufundishwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, nje ya mji, kwenye barabara ya kwendea Maua. Hicho nacho kilianza kama chuo kishiriki, chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kikapata hati yake mwaka 2013, mwaka ule ule ambao Chuo Kikuu cha Pwani cha Kilifi kilipata ya kwake. Huko hufundishwa uuguzi, afya ya jamii, kompyuta na uhandisi. Mjini Meru kipo pia Chuo Kikuu cha Methodist, kilichopata hati mwaka 2006, chenye masomo ya udaktari, famasia na uuguzi. Hicho ni chuo cha kanisa. Mzazi aulize mapema kuhusu mavazi ya stara na nafasi ya kuswali, apate jawabu kabla ya kulipa karo.

Waislamu wa Embu na Meru ni wachache, lakini wapo, na miji yote miwili ina misikiti. Mgeni akishuka, autafute msikiti kwanza, ajulishane na wenyeji. Binti akijulikana na kina mama wa msikitini, hapotei. Chakula cha kawaida ni githeri na mukimo. Kuhusu nyama, aulize imechinjwa na nani. Na asisahau sweta, kwani Julai ya huko haifanani na kusi ya kwetu.

Lipo jambo zito zaidi. Mama zetu wanapofika chumba cha kujifungulia, huuliza kama aliye zamu ni mwanamke, na wengi hutamani awe Mwislamu. Ni ombi la stara, na ni haki yao. Lakini muuguzi huyo hatokei hewani. Lazima awe binti wa mtu, aliyeruhusiwa kwenda kusoma, pengine mbali na nyumbani. Historia yetu inamtaja Bibi Rufaida al-Aslamiyya, aliyewatibu majeruhi katika hema lililopigwa kwenye msikiti wa Mtume (SAW) huko Madina, na miongoni mwa aliowauguza ni Saad bin Muadh, aliyejeruhiwa katika vita vya Khandaq. Kuuguza, basi, si kazi ngeni kwa mwanamke wa Kiislamu.

Mzazi mwenye barua mkononi asikimbilie kukataa wala kukubali. Na aende akakione chuo, akague mabweni, azungumze na imamu wa mji, kisha aswali istikhara. Akiridhika, amwachie binti yake aende kwa radhi zake. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu ugenini, na awarudishe na elimu yenye manufaa. Amin.