Nyimbo Zina Wenyewe

Mwera, Pangani

Mpwa wangu mpendwa,

 

Umeniuliza kama wimbo wa Macho Yanacheka, uliopigwa harusini huko Dar es Salaam, ni wa yule dada aliyeuimba siku hiyo. Sivyo, mjomba. Wimbo ule ulivumishwa na Bi Shakila Saidi, mtoto wa Pangani hii hii, ng'ambo ya kivuko tu kutoka kwetu. Aliimba na Black Star Musical Club na Lucky Star za Tanga, kisha akaenda JKT Taarab. Alifariki Agosti 2016, na wewe ulikuwa hai, tena mtu mzima! Ndiyo maana swali lako limenichoma.

Sauti ile haikuzuka hivi hivi. Taarabu ya Unguja ilikuwa ya kundi kubwa, fidla nyingi, udi na ganuni, watu wameketi wanasikiliza. Miaka ya sitini vijana wa Tanga waliipunguza watu, wakaingiza gitaa na besi, mdundo ukawa wa kuchezeka. Taarabu nyingi unayoisikia leo kwenye spika kubwa imepitia mlango huo. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ikakusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star katika santuri iitwayo Nyota. Wazungu walizitafuta, na sisi tusijue ni za nani?

Nyimbo nyingine ukijua kisa chake husikilizi tena kama zamani. Chukua Kijiti, wa Siti binti Saad. Mtu asiyejua atadhani ni wimbo wa starehe. Kumbe ni habari ya kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka bara alikwenda Unguja, akatolewa usiku kwenda kwenye ngoma na pombe, na huko akauawa na mtu aitwaye Kijiti. Muuaji akavuka bahari akatokomea. Walioadhibiwa ni wanawake waliosimama kutoa ushahidi, kwa sababu ya ile pombe. Siti akaiimba hukumu hiyo, na watu wasiojua kusoma gazeti wakajua mahakama ilivyofanya. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Alizaliwa Fumba, katika ukoo wa watumwa, akauza vyungu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri.

Na sisi tumeyajuaje maisha yake? Mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alimwendea angali hai, akamsikiliza, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki 1950. Shaaban angechelewa kidogo tu, mengi yangezikwa naye. Wimbo wa Malaika haukupata bahati hiyo. Dunia nzima inauimba, Miriam Makeba kautembeza kila bara, lakini Fadhili William na Adam Salim kila mmoja alitajwa kuwa ndiye mtunzi, na ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Kwa hiyo nina ombi, mjomba. Bi Shakila anastahili kitabu kama cha Siti. Wapo wazee Tanga mjini, na Pangani pia, waliopiga ala enzi zile au waliokuwa wakizishabikia Black Star na Lucky Star. Ukija likizo usije na simu ya kupiga picha za pwani tu. Tuwaendee. Uwaulize nani alitunga maneno, nani alipiga kinanda, walirekodi wapi, walilipwa nini, na mwimbaji mwenyewe wimbo ulimpata katika hali gani. Usianze na swali la pesa. Anza kwa kuwaamkia, kaa, unywe kahawa, waache wenyewe wafike huko. Jina la mtunzi liandike kwanza, juu kabisa ya ukurasa, kwa maana ndilo hupotea mapema kuliko la mwimbaji.

Nijulishe tarehe ya kuja, niwape wazee taarifa mapema.

Mimi mjomba wako