Uvundo Chooni, Dawa Juu ya Paa

Jua la Garissa halina mzaha, na choo cha shimo chini ya jua hilo chaweza kumfukuza mgeni kabla hajaaga. Chetu, mtaani Bulla Iftin, kilikuwa na bomba la hewa, lakini kilivunda hata watoto wakaanza kukimbilia vichakani. Mama yao hakulala kwa kuhofia kipindupindu. Kila aliyepita alishauri dawa ya kumwaga. Mzee mmoja jirani alitazama juu tu, akacheka.

"Mwanangu, bomba limeishia chini ya paa. Litapata wapi upepo?"

Kumbe upepo ukipita juu ya bomba huivuta hewa ya shimoni. Hewa safi nayo huingia mlangoni ikashuka tunduni. Choo cha namna hii kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Tuliongeza bomba likapita paa kwa nusu mita, tukafunga wavu juu, tukaondoa kifuniko cha tundu kwani huziba hewa. Ndani tuliacha giza: nzi wa shimoni hufuata mwanga wa bomba, wakanaswa wavuni.

Watoto wamerudi chooni, ila kitindamimba bado adai taa.