Kuhifadhi Nuru au Kuikawiza?

Wahandisi wa mawasiliano hupenda kusema kwamba nuru "huhifadhiwa" katika nyuzi za kioo. Neno hilo lahitaji kupimwa, kwani Mswahili ahifadhipo kitu hutarajia kukikuta palepale alipokiweka, ilhali nuru haikai. Ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa biti bilioni 10 hupitishwa kila sekunde, uzi wa kilomita 1 huwa umebeba biti 50,000 kwa wakati mmoja, kila moja ikichukua sentimita 2 za njia. Uzi ukifanywa kitanzi, biti hizo huzunguka humo hadi zihitajike, mithili ya mgeni anayetembezwa mtaani kwa kuwa mwenyeji hajafungua mlango.

Haja ya kuzungusha hutokea katika ruta, yaani kifaa kielekezacho ujumbe. Ishara mbili zikitaka njia moja, mojawapo haina budi kungoja, na aghalabu hungoja kwa kugeuzwa umeme kisha kurejeshwa kuwa nuru. Mageuzi hayo hula wakati na nishati.

Tatizo la kitanzi ni kwamba nuru hufifia kila izungukapo. Hapo ndipo erbiamu, elementi iliyogunduliwa na Carl Gustaf Mosander mwaka 1843 na kupewa jina kutokana na kijiji cha Ytterby, Uswidi, inapofaa. Kiasi kidogo mno hutiwa katika kiini cha uzi, kisha leza huzijaza nguvu atomu zake. Nuru yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,550 ipitapo, atomu huikirimia nguvu hiyo, nayo hutoka imekolea bila kugeuzwa umeme. Kundi la David Payne, Chuo Kikuu cha Southampton, lilidhihirisha jambo hili mwaka 1987. Mikonga ya intaneti iliyotua Mombasa mwaka 2009 huhuishwa vivyo hivyo chini ya bahari. Lakini erbiamu huongeza pia nuru yake isiyo na ujumbe, na mizunguko ikikithiri, ishara humezwa.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walipoza uzi wenye erbiamu hadi karibu na sifuri halisi ya joto. Atomu ziliifyonza nuru, zikaitoa baadaye ikiwa na hali yake. Huko, ama kwa hakika, ndiko kuhifadhi, ijapokuwa muda wenyewe ulihesabiwa kwa nanosekunde, na nanosekunde 1 ni safari ya sentimita 20 tu katika uzi wa kawaida.