Debe la Sita

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na tayari ukipanda matatu yoyote Nairobi utapata mtu ambaye ashamwapisha rais wake. Kwa kinyozi ni hivyo. Kwenye WhatsApp ya familia ni hivyo. Lakini hebu muulize mtu huyo huyo MCA wake ni nani. Atajaribu jina moja, likatae kuja, halafu akuambie wote ni wezi tu.

Simlaumu sana. Siku ya kura unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, halafu mwakilishi wadi, huyo MCA, ambaye wazee wa mtaa bado wanamwita kansela ingawa makansela waliisha 2013. Ukifika kwa hiyo ya sita, umekuwa kwenye laini tangu giza, miguu imekufa, akili yote iko kwa chai. Wengi hapo hupiga suti: chama cha rais ndicho chama cha MCA, basi, tumemaliza, twende nyumbani.

Mimi nimekuja kuitetea hiyo karatasi ya sita, kwa sababu mwaka huu imeniweka pabaya na mamangu.

Kwanza, kazi yake. Nairobi ina wadi 85. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika jiji hili, kwa hivyo kila MCA, kwa wastani, anawakilisha watu zaidi ya elfu hamsini. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti yale mambo ambayo unakutana nayo kabla hujafika steji: takataka, mitaro, taa za barabarani, soko, chekechea, zahanati, hata leseni ya baa iliyo chini ya dirisha lako. MCA hajengi chochote kati ya hivyo. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, na kumkagua gavana. Bajeti yenyewe, kwa Nairobi, imekuwa ikipita shilingi bilioni 40 kwa mwaka. Na kukagua si mchezo: Desemba 2020, MCA wa Nairobi ndio waliopiga kura ya kumwondoa Gavana Mike Sonko, Seneti ikamalizia.

Kizazi chetu kinajua kusoma mswada. Juni 2024 tulichambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa lugha za nyumbani, tukaurekodi TikTok, na tarehe 25 watu wakafika hadi ndani ya Bunge. Mswada ukaondolewa. Wengine hawakurudi nyumbani siku hiyo. Sasa, kaunti nazo hupitisha Mswada wao wa Fedha, ule unaosema mama mboga atalipa ngapi na mwenye kibanda atalipa ngapi. Huo sijawahi kuuona kwenye simu yangu. Unapita kimya kimya, kama mtu anayerudi nyumbani usiku akiwa ameshika viatu mkononi.

Ninaishi Eastlands, ghorofa ya chini, kwa sababu ghorofa ya chini ndiyo rahisi. Mbele ya ploti kuna mtaro. Ukiwa mkavu ni jaa la chupa na pampasi. Mvua ikinyesha unageuka mto na unaingia ndani bila kubisha. Mvua za Aprili 2024, zile zilizoua watu Mathare, nasi zilitupata. Tulipandisha magodoro juu ya meza na kukaa kwa ngazi hadi asubuhi, wapangaji wa vyumba vyote vya chini, tukipitisha thamosi moja ya chai. Usiku ule hakuna aliyetaja rais. Tulizungumza juu ya mtaro.

Halafu nikapiga hesabu ya wapangaji waliokuwa pale kwenye ngazi. Wanaopiga kura mtaani: wawili. Wengine wote, nikiwemo, tumeandikishwa ushago. Nairobi ndivyo ilivyo. Tunalala huku, tunafurikiwa huku, kura ziko Kisii, Kitui, Nyeri, Kakamega. Mtu akitaka kuwa MCA wetu, sisi kwake ni kama wageni wa hoteli. Kwa nini ajisumbue na mtaro wa watu ambao siku ya kura watakuwa wamepanda basi?

Kwa hivyo Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilipofungua tena uandikishaji mwishoni mwa Septemba 2025, niliamua kuhamisha kura yangu ije huku. Nikamwambia Mama kwenye simu, katikati ya stori za mahindi.

Akanyamaza. Halafu: "Baba," (mimi nimebeba jina la babake, kwa hivyo ndivyo anavyoniita) "na mjomba wako je?"

Mjomba anawania MCA kwetu Kakamega. Ana posho mill na sauti inayofika ng'ambo ya mto. Digrii hana, na Mahakama Kuu ilishafuta hilo sharti kwa MCA mwaka 2021, kwa hivyo njia iko wazi. Mimi pia ingekuwa wazi, marafiki hunitania. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokataa kutosha. Lakini ile iliyotosha miaka miwili, Mjomba ndiye aliyeuza ng'ombe wawili. Na nilipoacha, hakunisimanga hata siku moja. Aliniuliza tu kama nakula.

"Rais utampigia kura popote," Mama akasema. "Mjomba wako ni hapa tu."

Hapo Mama aliielewa sheria kuliko watu wengi wa Twitter. Kura ya rais ni ile ile, uwe Lodwar ama Lamu. Ukihamisha kituo, zinazobadilika ni zile nyingine tano, na ile ya sita ndiyo inayobadilika zaidi, kwa sababu wadi ni kipande kidogo cha ardhi ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu. Mama alikuwa ananiuliza nina deni wapi. Kwake jibu ni rahisi: nyumbani ni kule utakakozikwa. Nami siwezi kumwambia amekosea. Lakini pia siwezi kusubiri kuzikwa ndiyo nipate wa kunizibulia mtaro.

Nilimpigia Mjomba mwenyewe, nikijua nitatukanwa. Alicheka kidogo. Akasema kura moja haimwangushi mtu, "na kama inaniangusha basi sikufaa." Halafu akaniomba kitu: kwa vile mimi ni mwandishi, nimwandikie manifesto. Hapo nikakubali haraka, maana deni lolote ambalo naweza kulilipa kwa maneno, hilo nina uwezo nalo.

Akanitumia alichotaka. Atajenga barabara. Atajenga daraja. Atapeleka kila mtoto sekondari. Nikamwambia, Mjomba, MCA hana tinga wala hana mfuko wa kujenga daraja. Andika kwamba utasoma bajeti ya kaunti kabla ya kuipitisha, uje kwenye baraza uwaambie watu wadi yenu imetengewa nini, na mwaka ukiisha uwaambie nini kilifanyika na nini hakikufanyika.

"Ukiandika hivyo," akasema, "nani atanichagua? Huku MCA mzuri ni yule anayekuja matangani na hema na viti. Hakuna mtu amewahi kushukuru kwa kukaguliwa gavana."

Sikuwa na jibu la haraka. Ana haki. Mtu akifiwa, hema analiona. Bajeti haionekani hadi siku maji yafike kwenye godoro. Na sisi wapiga kura ndio tuliowafunza hivyo: MCA akikaa ofisini anasoma makadirio ya matumizi, tunasema amepotea; akitupa hela ya soda, tunasema anajua watu.

Jumatatu nilienda ofisi ya IEBC ya eneo bunge letu. Laini ilikuwa ya watu watatu. Karani alichukua kitambulisho changu na alama za vidole, akaniuliza nataka kituo gani. Nikasema shule ya msingi iliyo nyuma ya ploti yetu. Akauliza sababu ya kuhama, kwa mazungumzo tu, naona. Nikamwambia mtaro. Akatikisa kichwa kama mtu ambaye naye anakaa ghorofa ya chini.

Mjomba na mimi bado tunavutana kuhusu ile manifesto. Nimemwandikia rasimu tatu. Jana usiku alinitumia ujumbe: "Hiyo ya bajeti iache. Lakini iwe ya pili. Ya kwanza weka maji."