NILIIGA BUSTANI YA STAA, TANGO LIKAMKIMBIZIA MAMA MTEJA

Leo umbea naweka pembeni, najisema mwenyewe.

Kuna dada mmoja maarufu hapa Mwanza, jina kapuni, aliposti matango ya nyumbani kwake yananing'inia kama taa za harusi. Nikasema hata mimi naweza. Kwetu Mabatini ni mlima na mawe, udongo wa kuokoteza. Nikajaza viroba vitano udongo na samadi ya mbuzi iliyooza, nikafukia mbegu, nikafunga kamba yapate kupanda.

Shida ikawa maji. Ziwa Victoria tunaliona pale chini, ila bombani ni mgao, na kupandisha ndoo mlimani sio mchezo. Leo namwaga ndoo nzima, halafu siku tatu kimya. Ila picha sasa! Likes kama zote.

Mama anauza sato wa kukaanga Kirumba. Akaweka matango yangu kwenye kachumbari, anajisifu kabisa: "Haya ya mwanangu." Aisee, mteja wake wa kila siku akatafuna, akatema, akasukuma sahani. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Mama akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulikuwa unamwagilia kweli?" Nikajibu ndiyo. Nilidanganya.

Jioni nikaenda kwa babu jirani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Lete hilo tango."

Akaonja, akacheka. Akaniambia tango karibu lote ni maji. Likipata kiu kwenye jua kali, linakuwa chungu. Kukata kichwa kunasaidia kidogo, maana uchungu unakaa zaidi upande wa kikonyo, ila tango lililoshinda na kiu halina dawa.

Nikaanza upya:

- Maji kila asubuhi, chini kwenye shina, udongo usikauke wala usituame maji.
- Nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu ukae.
- Maua yakitoka, usipulizie dawa hovyo. Unaua nyuki, na bila nyuki matango mengi yanakuwa yamepinda au hayashiki kabisa.
- Chuma asubuhi, bado la kijani na mbegu laini. Likianza umanjano umechelewa, na ukiliacha kwenye mti, mmea unapunguza kuzaa.

Kama miezi miwili hivi nikavunja la kwanza. Kah! Sauti mpaka jikoni. Nikampelekea mama, na hapo hapo nikamwambia ukweli.

"Nilijua," akasema. "Ndoo ilikuwa inashinda kavu."

Siku hizi mama anaonja kila tango kabla halijaingia kwenye kachumbari. Wateja wanaongeza. Yule mmoja hajarudi mpaka leo, na kila nikibeba ndoo kupanda mlima namkumbuka.

Haya, nani mwingine aliiga kitu cha mastaa kikamtokea puani? Tiririka hapo chini, hatucheki… sana.