Mwezi wa Kumi na Mbili Kule Nyabiondo

Ukiniuliza ni mwezi gani uliotuchosha kuliko yote kule Nyabiondo, katika territoire ya Masisi, sihitaji kufikiri. Ni mwezi wa kumi na mbili. Maharagi tuliyopanda mvua za mwezi wa tisa zilipoanza yalikuwa yamekauka shambani, yanataka kung'olewa. Watoto walikuwa kwenye mitihani, na bila minervali hakuna kuketi darasani. Noeli imekaribia, kila mtoto anataka nguo mpya, na fundi wa cherehani ameshapokea vikwembe vya kijiji kizima. Ukipita kwake usiku wa manane unasikia mashine ikilia na unaona koroboi ikiwaka. Juu ya yote hayo, mvua. Mvua ya Masisi mwezi huo hunyesha asubuhi, ikakupa jua la saa mbili tatu, halafu ikarudi bila kuaga. Na maharagi yakilowa baada ya kung'olewa huanza kuota ndani ya maganda, na jasho la miezi mitatu likapotea hivyo hivyo.

Basi watu walikuwa wakali. Mama, mpole mwaka mzima, majuma hayo alijibu kwa neno moja. Baba alihesabu feza usiku juu ya kitanda, akizipanga mafungu: la shule, la nguo, la chumvi na sabuni. Akimaliza, anazikusanya zote, anaanza upya, kana kwamba safari hii zitaongezeka. Sisi watoto tulilala upande wa pili wa ukuta wa fito tukisikia noti zikikwaruzana.

Lakini tulikuwa na likilimba. Leo wanawake wote wa jirani wanapiga maharagi kwetu, kesho kwa mama wa ng'ambo ya kijito, keshokutwa kwa mjane aliyekaa juu ya kilima. Siku yetu ikifika, uwanja ulifagiliwa, ukapakwa mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, ukaachwa ukauke hadi ukawa mgumu na laini. Maharagi yalimwagwa katikati, mashina na maganda yake, na wanawake wakazunguka kila mmoja na fimbo yake. Mwanzoni fimbo zilianguka ovyo. Halafu mmoja anaanza wimbo, na ghafla upande huu unapiga, upande ule unainua, ardhi inadunda, maganda yanapasuka, na maharagi yanarukaruka, ya manjano, mekundu, yenye madoa ya zambarau, yanakugonga kwenye vifundo vya miguu. Vumbi la maganda liliingia puani, kila mtu akapiga chafya. Kuku nao hawakuhitaji mwaliko.

Nyimbo zile zilitungwa palepale, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, na kwa Kiswahili chetu, maana duara lile lilikuwa na mama wa kila upande. Ndani ya wimbo mtu aliruhusiwa kusema yaliyomkaa rohoni. Muchuuzi mwenye mizani ya kudanganya alitajwa. Mwalimu wa minervali alitajwa. Siku moja mama yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, alishika zamu akaimba mafungu ya baba: fungu la shule linalia, fungu la nguo linalia, na mwenye kuyapanga hapati usingizi. Wanawake walicheka hadi fimbo zikasimama. Baba alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Tulimuona akijitokeza na shoka mkononi, tukaogopa. Akaiweka chini, akainua mikono, akaingia katikati ya duara, akacheza. Mama alimtazama kwa jinsi ninayoikumbuka hadi leo. Feza hazikuwa zimeongezeka hata makuta moja, lakini usiku ule hazikuhesabiwa.

Pembeni ya mkeka wa kuanikia kulikuwa na betri za radio, zimepangwa juani pamoja na maharagi ili zirudishe nguvu kidogo. Kwa jua la siku nzima zilitupatia muziki wa jioni, pengine wimbo mmoja na nusu. Mwaka 1985 nadhani hapakuwa na nyumba yenye radio ambayo haikupiga Mario wa Franco. Wimbo ule ni mrefu, na betri zetu hazikuuweza. Sauti ya Franco ilizama taratibu, na sisi tukaumalizia wenyewe kwa Lingala yetu ya kuokoteza. Halafu mtu anapiga kelele, "Mvua inakuya!" na wote mbio: huyu na mkeka, yule na lungo, mwingine na betri kifuani.

Yule tuliyemngoja zaidi, hata kuliko Noeli, alikuwa shangazi. Aliolewa Walikale, kwa Wanyanga, karibu na mto Lowa, na kila mwisho wa mwaka alipanda kutoka msituni, kitunga mgongoni na kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Ndani mlikuwa na bidoni ya mawese, samaki wa kukaushwa kwa moshi, na kwanga zilizofungwa kwenye majani. Kurudi alibeba maharagi na jibini la Masisi, yale maduara yenye ganda la manjano. Usiku wa kufika kwake mama alichemsha maharagi mapya, akayamiminia mawese ya moto, na harufu ikaenda hadi kwa majirani, ambao nao walijikuta wanapita karibu.

Tukishashiba, shangazi alitoa Mwindo. Hadithi hiyo ni ya Wanyanga. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck aliiandika kutoka kwa mzee Rureke, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakaitoa kitabu. Shangazi hakuwa na kitabu. Alikuwa na mkia wa mnyama aliouzungusha hewani, na sauti tatu nne tofauti. Alisimulia mtoto aliyekataliwa na baba yake, aliyezaliwa anatembea na kusema. Kila alipofika kwa Iyangura, shangazi yake Mwindo aliyesimama upande wa mtoto, alipunguza mwendo akatutazama mmoja mmoja. Mtoto aliyefeli hesabu siku ile alilala ameshasahau.

Vita ya 1993 ilianzia soko la Ntoto, huko Walikale, mwezi wa tatu, ikafika kwetu kabla maharagi ya msimu wa pili hayajakomaa. Mama waliokuwa wamepiga kwa zamu kwenye uwanja mmoja walikimbia njia mbalimbali, na likilimba haiwezekani kwa watu wanaoogopana. Baadaye, miaka ya 2000, mgodi wa Bisie ukaita vijana. Walibeba kasiterite, mawe ya bati, mgongoni, gunia la kilo 50, kupitia msitu, na ndege zikatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuipakia. Zikija kutoka Goma zilileta bia, sabuni na vyakula. Njia ya shangazi ikaota majani. Mwezi wa kwanza 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, kisha Goma, na mwezi wa tatu wakafika Walikale. Benki za Goma zikafungwa. Nafikiri sana juu ya mababa wa mji huo ambao mwisho wa mwaka ule hawakuwa na hata noti za kupanga mafungu.

Mimi sasa niko Goma, juu ya mawe meusi ya volkano, na shamba sina. Nanunua maharagi sokoni, yameshapigwa, yamo guniani. Lakini mwezi wa kumi na mbili nayamwaga kwenye lungo mbele ya mlango, na majirani wanakuja kunisaidia kuchagua mawe. Mmoja ni wa Kitchanga, mwingine wa Mpofi, mwingine alizaliwa Sake. Juzi yule wa Mpofi akaanza wimbo wa kupigia, nikauitikia, na yule wa Kitchanga akatusimamisha: kwao ubeti wa pili unaanza kwa mama mkwe. Tumebishana hadi giza likaingia. Kesho wanarudi, na wa Sake amesema anaye shahidi.