Ubishi wa Kiduku na Mwakinyo

Kwenye saluni ya kaka yangu pale Mirongo, Twaha Kiduku na Hassan Mwakinyo walipigana kila Jumapili. Walipigana midomoni mwetu tu: mteja kwenye kiti, kitambaa shingoni, na sisi wengine kwenye benchi la mbao mlangoni. Kiduku ni wa Morogoro, Mwakinyo ni wa Tanga. Sisi wa Mwanza hatukuwa na mtu kwenye pambano hilo, na labda ndiyo maana tulibishana kuliko wenyewe.

Kaka alikuwa upande wa Kiduku. Hoja yake ilikuwa fupi: Kiduku harudi nyuma. Alimshinda Dullah Mbabe mwaka 2020, akamshinda tena 2021. "Huyo ukimpiga ndiyo anakuja," alisema, mashine ikivuma sikioni kwa mtu.

Mimi nilikuwa na Mwakinyo kwa sababu ya Birmingham, Septemba 2018. Nilikuwa kidato cha tano aliposhinda dhidi ya Sam Eggington raundi ya pili, huko huko kwao Uingereza. Nilitaka kuwa hivyo: kwenda mbali na kurudi na ushindi.

Halafu kulikuwa na suala la uzito. Mwakinyo aling'ara kwenye uzito usiozidi kilo 69.8, wakati Kiduku alizoea mapambano ya hadi kilo 76. Nikisema kilo sita si mchezo, kaka alijibu, "Mizani haijawahi kumdondosha mtu."

Tulikuwa na sababu ya kubishana hivyo. Mwaka 2020 kaka aliuza pikipiki yake ili niende chuo Dar es Salaam. Alikuwa dereva wa bodaboda, kijiwe chake Mlango Mmoja, na alikuwa anadunduliza anunue ya pili. Mimi niliambiwa tu kwamba ada ipo. Niliporudi likizo ya kwanza sikuiona pikipiki, na kaka nilimkuta kwenye kichumba cha kupanga, si mbali na mto, ananyoa watu. Hakusema kitu. Sikuuliza. Tukakaa miaka tunazungumzia ngumi za watu wengine.

Usiku wa tarehe 3 Septemba 2022 tulijazana saluni. Mwakinyo alikuwa Liverpool na Liam Smith. Raundi ya nne akapiga goti, na pambano likaishia hapo. Baadaye alieleza habari ya viatu na kifundo cha mguu, lakini benchi letu halikusubiri maelezo. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Nilijiandaa kumsikia kaka, maana ilikuwa zamu yake ya kunimaliza.

"Msimcheke," alisema. "Hamjui mguu wake ulikuwaje."

Maneno hayo nilirudi nayo Dar. Baadaye nikaanza shahada ya uzamili. Usiku mmoja, nikikimbia pendekezo la utafiti lililonishinda, nikaanza kusoma habari za mabondia wawili wa Meksiko, Carlos Zárate na Alfonso Zamora. Walikutana tarehe 23 Aprili 1977 huko Inglewood, California. Zárate alikuwa ameshinda mapambano 45, Zamora 29, na katika yote hayo 74 ni moja tu lililoamuliwa kwa pointi. Mengine wapinzani hawakumaliza. Wote wawili walikuwa mabingwa wa dunia wa uzito mmoja, kila mmoja kwa mkanda wake, lakini siku hiyo hakuna mkanda uliowekwa mezani. Watu walitaka tu kujua nani zaidi.

Nikampigia kaka nikamsimulia.

"Nani alishinda?"

"Zárate. Raundi ya nne."

"Basi ubishi ukaisha."

Nikamwambia haukuisha vizuri. Baba yake Zamora alirusha taulo, kisha akamvamia kocha wa Zárate, ambaye zamani ndiye aliyemfundisha mwanawe. Kaka akanyamaza. Nilisikia mashine yake ikizimwa.

"Kaka," nikasema, "ile pikipiki uliiuza kwa moyo mmoja?"

Alichelewa kujibu.

"Hapana," akasema. "Niliiuza asubuhi. Jioni nikamwona mtu anaiendesha, nikageuza njia. Mwaka mzima nilikuwa nakuhesabu, mdogo wangu. Ukifaulu nahesabu, usipopiga simu nahesabu."

"Na sasa?"

"Sasa nina mteja kwenye kiti."

Akakata simu. Sikulala vizuri usiku ule, ila sikutamani kuwa sijauliza.

Likizo iliyofuata nikaenda saluni moja kwa moja, begi mkononi. Kaka akanionyesha kiti. Akaninyoa taratibu, akaninyooshea mstari wa mbele mara mbili, hakuzungumza. Alipomaliza nikampa elfu tatu, bei ya kila mtu. Tangu afungue nilikuwa nanyolewa bure. Niliogopa atanirudishia, au atacheka.

Akaipokea, akaihesabu, akaiweka kwenye droo. Akakung'uta kitambaa.

Kwenye benchi mtu akauliza: hivi kweli, Kiduku na Mwakinyo, nani angemkalisha mwenzake?

"Sogea," kaka akaniambia, "kuna mtu anasubiri kiti."

Nikasogea, nikakaa benchini, nikaanza na habari ya kilo.